Eti wananchi hawataki hela iende kuzuia vijana wasivute sigara?

Hapa Dodoma kila bajeti ikisomwa bungeni unasikia yaleyale vijiweni, kwamba ukipandisha kodi ya sigara ili hela iende kwenye programu za kuwakinga vijana, wananchi watakataa. Sio kweli jamani. Kule California, Marekani, mwaka 1988 watu walipiga kura wenyewe wakakubali kodi iongezwe senti 25 kwa pakiti na asilimia 20 ya hela hiyo iende kwenye elimu ya afya, na kampuni za sigara zilimwaga hela kibao kupinga ila zikashindwa. Massachusetts, jimbo jingine la Marekani, wakafuata 1992. Thailand nao tangu 2001 wana mfuko wao wa afya, unapata asilimia 2 juu ya kodi ya sigara na pombe.

Sisi sheria ya 2003 inakataza kumuuzia sigara mtu chini ya miaka 18, lakini dukani mtoto anapewa moja moja tu, na hili linaniuma sana kwa sababu wavutaji wengi huanza wakiwa wadogo, na bei ikipanda vijana ndo wanapunguza zaidi maana mfukoni hamna kitu. Kwa hiyo mbunge asiogope kuibeba hoja hii, aanze kwa kuwauliza wazazi jimboni kwake.