Ishara za mguso kwenye ramani ya simu ni nini?

Ishara za mguso ni mienendo ya vidole ambayo programu ya simu huigeuza kuwa amri: kugusa, kugusa mara mbili, kushikilia, kuburuta, kubana na kutanua vidole. Kwenye ramani ishara hizi hubeba mzigo mkubwa kuliko kwingine, maana mtu anaisogeza, anaikuza, anaizungusha na kuchagua mahali juu yake, yote kwenye kioo kilekile kwa vidole vilevile.

Kioo chenyewe hakijui kubana wala kuburuta. Kinachojua ni kwamba kidole kimetua mahali fulani, kimesogea, kimeinuka. Mfumo wa simu huipelekea programu taarifa hizo mfululizo, kila kidole na namba yake, kisha programu ndiyo inayoamua mwenye simu alikusudia nini.

Tuseme abiria yuko Kariakoo, anataka bodaboda imfuate, naye anaweka kidole kwenye makutano ya Msimbazi na Uhuru. Wakati huo programu haina namna ya kujua anataka nini. Akiinua kidole upesi, amechagua mahali. Akikiacha hapo kwa kama nusu sekunde, ameshikilia, na ramani nyingi zitamwekea pini. Akikisogeza, anaburuta ramani. Tatizo ni kwamba kidole cha binadamu hakitulii. Hata anayegusa tu hutikisika. Kwa hiyo Android huvumilia msogeo wa dp 8 (dp ni kizio cha Android cha kupimia vitu kwenye skrini, kisichotegemea wingi wa pikseli), yaani zaidi kidogo ya milimita 1, kabla ya kukubali kwamba kidole kimesogea kweli. Ukiondoa uvumilivu huo, miguso inageuka kuwa miburuto midogo na pini haiwekwi. Ukiuzidisha, ramani inakuwa nzito: kidole kinatangulia, ramani inafuata kwa kuchelewa.

Kugusa mara mbili kuna gharama yake. Android hutoa milisekunde 300 za kusubiri mguso wa pili. Kama kwenye ramani yako mguso mmoja unafungua maelezo ya duka na miguso miwili inakuza, basi duka haliwezi kufunguka mpaka muda huo upite, na mtumiaji ataona simu inasuasua. Dawa yake ni kuonyesha dalili mara moja, kwa mfano alama ya duka ibadilike rangi kidole kinapoinuka, halafu maelezo yafuate.

Kubana na kutanua ndiko kwenye hesabu. Ramani nyingi za kidijitali hupangwa kwa ngazi: ngazi ya 0 dunia nzima inaingia kwenye kipande kimoja cha picha, kwa kawaida pikseli 256 kwa 256, na kila ngazi inayofuata huzidisha upana mara mbili. Programu hupima umbali kati ya vidole viwili vilipotua na umbali wao wa sasa. Umbali ukipanda kutoka pikseli 200 hadi 400, ramani inapanda ngazi moja kamili. Ukifika 600, inapanda ngazi 1.58, kwa kuwa hesabu inafuata logi ya kizio cha 2, yaani huhesabu umbali umejizidisha mara mbili mara ngapi. Lakini namba pekee haitoshi. Mahali palipo katikati ya vidole pasihame. Abiria wetu akitanua vidole juu ya makutano yake, makutano yabaki palepale chini ya vidole huku mitaa ya jirani ikisogea pembeni. Programu ikikuza kwa kufuata katikati ya skrini badala ya katikati ya vidole, makutano yanakimbia na mtu anaanza kuyatafuta upya.

Vidole viwili vinapotanuka huwa vinajizungusha kidogo pia. Hivyo mzunguko uhesabiwe tu baada ya kupita nyuzi kadhaa, la sivyo kila anayekuza ataishia na kaskazini iliyopinda. Kwa programu za kuita usafiri au kuagiza chakula, naona ni bora kuuzima kabisa.

Mgogoro mkubwa zaidi hutokea ramani inapowekwa ndani ya ukurasa unaoshuka. Kidole kinachopanda juu kinataka kusogeza ukurasa au ramani? Google Maps kwenye tovuti ina mpangilio unaoacha kidole kimoja kisogeze ukurasa na kudai vidole viwili kwa ramani, pamoja na ujumbe wa kumjulisha mtumiaji. Ndani ya programu ya simu, ukurasa unaweza kunyakua mguso kabla kidole hakijainuka. Hapo ramani hupokea taarifa kwamba mguso umefutwa. Taarifa hii husahaulika sana na watengenezaji, na matokeo yake ramani hubaki ikidhani kidole bado kipo.

Kuna pia ramani inayomfuata mtumiaji kwa GPS. Akiiburuta kuangalia barabara ya mbele, programu iache kumfuata papo hapo na kuonyesha kitufe cha kurudi alipo. Ramani inayomvuta arudi kila sekunde inamnyima alichoomba, na kwa dereva aliye barabarani hilo ni hatari.

Si kila mtu ana vidole viwili vilivyo huru. Mwingine ameshika bomba la daladala, mwingine mkono mmoja haufanyi kazi. Mwongozo wa WCAG 2.1 wa mwaka 2018, unaoeleza jinsi ya kufanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka jambo linalofanyika kwa vidole vingi liwezekane pia kwa mguso wa sehemu moja, isipokuwa pale ishara yenyewe ni ya lazima. Google Maps humruhusu mtu kugusa mara mbili, kuacha kidole hapohapo, kisha kukipandisha au kukishusha ili kukuza au kupunguza. Ni njia nzuri, ila wengi hawaijui, kwa hiyo vitufe vya kujumlisha na kutoa bado vinahitajika, kila kimoja kikiwa na nafasi ya kugusa ya angalau dp 48 kama Android inavyopendekeza.