Kukloni jeni ya kolajeni ya tumbawe laini ukiwa Mbeya

Tumbawe laini halijengi mfupa wa mawe. Linashikiliwa na vijiti vidogo vya chokaa na nyuzi za kolajeni, protini ngumu kama kamba. Kukloni jeni yake, yaani kuinakili ndani ya bakteria, ni usumbufu: asidi amino iitwayo glisini inajirudia kila baada ya nyingine mbili, mamia ya mara.

Kata vipande visivyozidi nusu sentimita, uvitumbukize kwenye maji ya kuhifadhia RNA (nakala ya jeni ambayo seli hutumia kutengeneza protini), ujazo mara 5 hadi 10 ya nyama. Vinavumilia wiki nzima kwa nyuzi 25, kwa hiyo basi la kutoka pwani halina neno. Kwa aina ya tumbawe, mimi napendekeza Dendronephthya, kwa sababu haifugi mwani. Sarcophyton anao, na unaweza kukloni jeni ya mwani ukidhani ni ya mnyama. Ute wa tumbawe nao huzuia PCR, mbinu ya kunakili DNA mara nyingi kwa mizunguko ya joto. Ifanye RNA ituame chini kwa lithiamu kloridi ya molari 2, nyuzi 4, usiku kucha. Ute mwingi unabaki kwenye maji.

Geuza RNA iwe DNA kwanza, kisha kwenye PCR usizidishe mizunguko 30. Vipande visivyokamilika hushikana kwenye marudio, na kwenye jeli inayotenganisha DNA kwa urefu unaona ukungu badala ya mstari.

Kuunganisha: vekta (DNA ya duara inayobeba kipande ndani ya bakteria) ya herufi 3,000, nanogramu 50, kipande cha herufi 1,500, nanogramu 75. Hiyo ni molekuli 3 za kipande kwa 1 ya vekta. Kama kimeng'enya chako cha PCR kinasahihisha makosa, ongeza herufi A mwishoni kwanza kwa Taq (kimeng'enya kisichosahihisha), nyuzi 72, dakika 20, la sivyo vekta ya T, yenye herufi T moja kila mwisho, haitashika kitu.

Sasa autoklevu, chombo cha kuua vijidudu kwa mvuke wa shinikizo. Mbeya iko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, kwa hiyo geji ikisoma pauni 15 kwa inchi mraba, ndani kuna nyuzi 118 tu, si 121. Panda hadi pauni 18 kama valvu inaruhusu. Ikiwa hairuhusu, dakika 15 ziwe 30. Ukipuuza, mbegu sugu za bakteria zinaota kwenye sahani nawe unazihesabu kama kloni.

Tumia bakteria E. coli isiyo na recA (jeni ya kuchanganya na kupanga upya DNA), uikuze kwa nyuzi 30, maana bakteria hupenda kukatakata marudio. Usichague koloni (kundi la bakteria kwenye sahani) kubwa peke yake. Mara nyingi ndiyo iliyotupa kipande. Pima urefu wa kipande kwenye koloni 8 au 10 kabla ya kutuma DNA ikasomwe herufi.

Usomaji wa Sanger, njia ya kusoma herufi za DNA, hutoa herufi 700 hivi safi kutoka kila upande. Kwa katikati, praima (kipande kifupi cha DNA kinachoanzisha usomaji) iliyotua kwenye marudio hushika sehemu nyingi, na vilele vya grafu ya usomaji vinapandana. Kata kwa vimeng'enya, ukloni vipande vidogo, kila kimoja ukisome kwa praima za M13, zinazoshika kwenye vekta yenyewe.