Saratani ya Damu: Yanayosemwa Benchini na Yaliyo Kweli

Kwenye faili la mjomba wangu kuna namba niliyoizungushia kalamu nyekundu: 286,000. Ndizo chembe nyeupe zilizohesabiwa katika maikrolita moja ya damu yake, siku alipopimwa picha kamili ya damu kwa mara ya kwanza. Mtu mzima mwenye afya huwa na kati ya 4,000 na 11,000 hivi. Kabla ya hapo alikuwa ametibiwa malaria mara tatu kwenye zahanati moja, bandama limevimba hadi mkanda haufungi. Nyumbani tulishagawanyika, hawa wanasema chango, wale wanasema karogwa.

Mimi si daktari. Ni mwaka wa nne namsindikiza kliniki, na benchini nimesikia mengi. Ninayoyaandika hapa ndiyo yanayoniuma, maana yanachelewesha watu.

"Saratani ya damu ni moja, na ni kifo"

Si moja. Lukemia huanzia kwenye uloto, ule ute ulio ndani ya mifupa ambamo damu hutengenezwa. Limfoma huanzia kwenye chembe za kinga, mara nyingi ndani ya tezi. Maieloma nayo hula mifupa na kuumiza figo, na wazee wengi huambiwa mgongo unawauma kwa sababu ya umri. Ndani ya kila jina kuna majina mengine, na dawa ya hili si dawa ya lile. Lukemia kali isipotibiwa huweza kuua ndani ya wiki au miezi michache. Lukemia sugu kama ya mjomba huweza kukaa mwilini muda mrefu pasipo mtu kujua.

Tiba ya hiyo ya mjomba ilibadilika kabisa mwaka 2001, dawa iitwayo imatinibu ilipoidhinishwa Marekani. Ni vidonge. Zamani wagonjwa wengi wa aina hiyo waliishi miaka michache tu. Leo anayevimeza kila siku na kupimwa kwa wakati anaweza kuishi karibu sawa na asiyeumwa. Mjomba humeza miligramu 400 katikati ya chakula cha mchana, na glasi kubwa ya maji, kwa sababu tumbo likiwa tupu atatapika.

"Damu imechafuka, anywe rosela na aongezewe damu"

Juisi ya rosela au bitiruti haina ubaya wake, ila haiui saratani. Damu ya kuongezewa humpa mgonjwa nguvu na muda, na wakati mwingine ndiyo inayomfikisha salama kwenye tiba. Lakini uloto ni kama shamba lililovamiwa na magugu: chembe zisizo na kazi zimejaa, zile nzuri hazina pa kuota. Usipong'oa magugu, utaongeza damu wiki hii na wiki ijayo utarudi palepale.

"Mtoto akipata saratani, hana kupona"

Hili linanikera zaidi ya yote, kwa sababu ushahidi wa kulikanusha ulipatikana hapahapa kwetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya kazi Mulago, Kampala, aliandika mwaka 1958 kuhusu watoto waliovimba taya kwa namna ya ajabu. Sampuli za uvimbe huo zilisafirishwa kwa ndege hadi London, na mwaka 1964 watafiti wakaona ndani yake kirusi ambacho leo kinaitwa Epstein-Barr. Baadaye ilieleweka kwamba kirusi hicho, pamoja na malaria ya mara kwa mara, huchangia limfoma hiyo, ndiyo maana ipo zaidi kwenye ukanda wetu. Burkitt na wenzake walijaribu dawa badala ya kisu, na uvimbe wa baadhi ya watoto ukayeyuka. Taasisi ya Saratani ya Uganda ilianza mwaka 1967 kutokana na kazi hiyo.

Limfoma hii hukua haraka kupita kawaida, kiasi kwamba ukubwa wake huweza kuongezeka maradufu ndani ya siku moja au mbili. Mzazi huona jino linalegea, anampeleka mtoto ang'olewe, shavu linazidi kuvimba. Jino likilegea huku taya linavimba, usisubiri wiki ipite. Mtoto huyo apate rufaa, maana akiwahi dawa anaweza kupona kabisa.

"Tezi za shingo ni TB hizo"

Mara nyingi ni TB kweli, na hapo ndipo penye mtego. Watu hunywa dawa za TB miezi kadhaa huku limfoma inaendelea. Tezi isiyopungua inatakiwa itolewe na kupimwa maabara. Sindano nyembamba peke yake mara nyingi haitoshi kutoa jibu.

"Wakikuchoma sindano ya uloto utapooza"

Nilikuwepo. Mjomba alilala kifudifudi, daktari akapapasa mfupa wa nyuma ya nyonga, akachoma ganzi, akasubiri. Kisha akazungusha sindano nene taratibu kama fundi mwenye keekee. Uloto ulipovutwa mjomba alishtuka, akasema ni kama mtu kavuta uzi kutoka gotini. Akabandikwa plasta, akapumzika kidogo, tukarudi na daladala. Uti wa mgongo haukuguswa.

Baadhi ya wagonjwa wa lukemia kali huchomwa pia sindano ya kiunoni, ili dawa ifike kwenye maji yanayozunguka ubongo. Nayo hupita chini ya pale uti wa mgongo unapoishia.

Bingwa wa magonjwa ya damu anahitaji uloto huo ili aupe ugonjwa jina. Wa mjomba ulionyesha kromosomu ya 9 na ya 22 zimebadilishana vipande. Jibu hilo ndilo lililomwandikia vidonge badala ya dripu.

"Homa tu hiyo, mpe panadol"

Tafadhali soma hapa mara mbili. Kemotherapi, yaani dawa kali za kuua saratani, hushusha chembe nyeupe, mara nyingi kati ya siku ya 7 na ya 14 baada ya dozi. Siku hizo mwili hauna askari. Joto likifika nyuzi 38 ni dharura, hata kama ni usiku wa manane, hata kama anaongea na kucheka. Anahitaji antibiotiki za mshipa haraka, na panadol itaificha homa huku maambukizi yanasambaa kwenye damu. Weka kipimajoto nyumbani. Ukifika mapokezi, tamka mwanzoni kabisa kwamba yuko kwenye kemotherapi, usingoje zamu.

Na hapana, mgonjwa wa saratani ya damu hatuambukizi. Kula naye, lala naye chumba kimoja. Mwenye mafua ndiye akae mbali naye.

"Nimepata nafuu, naacha dawa"

Bandama la mjomba lilirudi ndani na namba zikawa za kawaida, akataka kuacha. Lakini kuna kipimo kinachotafuta mabaki ambayo darubini haiyaoni, na chake kilikuwa bado kinayaona. Mgonjwa asiache, asiruke siku, wala asimgawie jirani vidonge. Kuacha huamuliwa na bingwa, kwa wachache, chini ya vipimo vya karibu.

"Bila India na mamilioni, basi"

Hospitali ya Muhimbili, Dar es Salaam, wapo mabingwa wa damu, na upandikizaji wa uloto ulishaanza kufanyika hapo. Ocean Road, Bugando na KCMC wanatibu saratani pia. Wengi hawahitaji kupandikizwa uloto kabisa. Imatinibu nayo imewahi kutolewa bure kwa wagonjwa wa Kenya na Tanzania kupitia mpango wa msaada. Uliza kliniki kabla hujauza chochote. Mjomba alikuwa ameshampata mnunuzi wa ekari zake mbili. Mwaka huu zina mahindi.