Kupaka rangi volkano si kufundisha jiografia: dhana potofu kuhusu sanaa na masomo mengine

Kuchanganya sanaa na hisabati, sayansi au lugha katika shule ya msingi kunasifiwa sana, na mara nyingi kunafanyika vibaya. Tatizo kwa kawaida si vifaa wala vipaji vya watoto. Ni imani chache zilizozoeleka ambazo hakuna anayezihoji.

Dhana: Picha ikiwa ya mada ya sayansi, tayari masomo mawili yameungana

Mtoto aliyepewa picha ya volkano iliyochapishwa tayari na kuambiwa aipake rangi amefanya zoezi la kupaka rangi, basi. Kuna jaribio rahisi: badilisha volkano iwe kuku. Kama kazi ya mkono inabaki ileile, jiografia haikuwamo. Mradi umeungana pale ambapo kanuni ya somo la pili ndiyo inayoamua kazi itatokeaje, kiasi kwamba ukiikosea kanuni, kazi yenyewe inakataa.

Mfano mzuri ni kutandaza maumbo bila kuacha pengo. Wape watoto pembetano za kadi zenye pande na pembe sawa, waambie wajaze nazo karatasi, na usiseme lolote. Watashindwa, na kushindwa huko ndiko somo. Kila pembe ya pembetano hiyo ina nyuzi 108. Tatu zikikutana zinafanya 324, linabaki pengo la nyuzi 36 kufika 360 za mzunguko kamili, na ya nne haiingii bila kulalia nyingine. Sasa wape pembetatu zenye pande sawa (60 × 6), miraba (90 × 4) na pembesita (120 × 3). Zote zinafika 360 na zinafunga. Hakuna umbo jingine lenye pande na pembe zote sawa linaloweza kutandazika peke yake, na watoto wa darasa la tano wanaweza kulithibitisha hilo kwa kugawanya tu.

Baada ya hapo ndipo ubunifu unaingia. Msanii M. C. Escher alitembelea jumba la Alhambra mjini Granada mwaka 1922 na tena 1936, akavutiwa na kuta zake zilizojaa maumbo yanayojirudia, kisha akayageuza maumbo ya namna hiyo kuwa ndege, samaki na mijusi. Darasani inafanyika hivi. Kata mraba wa kadi wa sentimita 6. Upande wa kushoto, chora mstari wowote uliopinda, uanzie kwenye kona ya juu na uishie kwenye kona ya chini. Kata. Kipande kilichotoka kisukume moja kwa moja hadi upande wa kulia, bila kukigeuza wala kukizungusha, kikibandike kwa selotepu ukingo kwa ukingo. Rudia kutoka juu kwenda chini. Umbo jipya lina eneo lilelile la sentimita za mraba 36, kwa sababu hakuna kilichotupwa. Waulize watoto hili kabla ya kulipima, maana wengi watasema limekua.

Yanayoharibika yanajulikana. Kipande kilichopinduliwa hakiwezi kuingia kwenye jirani yake. Mstari ulioanzia pembeni mwa kona huacha kidomo kinachokosa mahali. Kosa linalosumbua zaidi ni kubandika kipande kikiwa kimelalia kadi kwa milimita 1. Kwenye umbo la kwanza halionekani, lakini kwenye karatasi ya A3, ambayo inabeba maumbo 7 kamili kwa urefu, kosa hujilimbikiza hadi karibu milimita 7 na mstari mzima unapinda. Chorea kwa penseli iliyochongwa. Kalamu nene ya wino inaongeza unene wake kila mara unapozungushia umbo.

Dhana: Katika sanaa hakuna kosa

Kauli hii inafaa kwa mchoro wa ndoto au wa mnyama wa kubuni. Haifai kwa mchoro unaoeleza jinsi kitu kilivyo, na mtoto ana haki ya kuambiwa mapema anachora wa aina gani.

Chukua upinde wa mvua. Karibu kila darasa huuchora na jua likichungulia kwenye kona ya karatasi hiyohiyo. Haiwezekani: anayeuona upinde lazima awe amelipa jua mgongo. Rangi nyekundu hukaa nje ya upinde na zambarau ndani, si kinyume chake. Vivyo hivyo mwezi mwandamo: upande wake unaong'aa huelekea jua lilipo, na nyota haiwezi kuonekana ndani ya pembe zake, kwa kuwa sehemu ile yenye giza ni mwezi wenyewe na unaiziba.

Kwa wadudu, kosa la kawaida ni miguu kuota tumboni. Mdudu ana sehemu tatu, yaani kichwa, kifua na tumbo, na miguu yote sita hushikamana na kifua. Buibui si mdudu: ana sehemu mbili na miguu minane, yote ikitokea sehemu ya mbele. Kumsahihisha mtoto kwa maneno hakusaidii sana. Kinachosaidia ni kumfanya atazame. Mpe mdudu aliyekufa ndani ya chupa yenye kifuniko pamoja na kioo cha kukuzia. Dakika 2 za kwanza hakuna penseli mezani, ni kutazama na kuhesabu. Dakika 10 anachora mchoro wa kwanza. Kisha analinganisha na mwenzake, wanaandika tofauti tatu kati ya michoro yao, wanarudi kwenye chupa kuamua nani yuko sahihi, halafu kila mmoja anachora upya. Usiruke mchoro wa pili. Wa kwanza kwa kawaida ni mdudu aliyemo kichwani mwa mtoto. Wa pili ndio mdudu aliyemo kwenye chupa. Santiago Ramón y Cajal, aliyepata Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 1906, alichora seli za neva kwa mkono akitazama kwenye hadubini, na michoro yake ilikuwa sehemu ya utafiti wenyewe.

Dhana: Nyekundu, njano na bluu zinatoa rangi zote

Zinatoa nyingi, si zote. Mashine za kuchapisha hutumia siani (bluu inayoelekea kijani), majenta (nyekundu inayoelekea zambarau), njano na nyeusi. Skrini za simu na televisheni zinachanganya mwanga, nazo zinatumia nyekundu, kijani na bluu. Ndiyo maana mtoto anachanganya nyekundu na bluu ya darasani akitarajia zambarau, anapata kitu kama tope. Nyekundu nyingi za shule zinaelekea chungwa, yaani zimebeba njano ndani yake, na ukizikutanisha njano, nyekundu na bluu unapata kahawia. Ikiwa majenta ipo, tumia hiyo kwa zambarau na tatizo linaisha.

Hapa pia pana somo la uwiano la bure. Mpe kila mtoto gridi ya vyumba 5 na kidondoshi. Chumba cha kwanza: matone 8 ya njano peke yake. Cha pili, njano 8 na bluu 1. Cha tatu, 8 kwa 2. Cha nne, 8 kwa 4. Cha tano, 8 kwa 8. Waandike uwiano chini ya kila chumba na kuurahisisha: 8:2 ni 4:1. Siku inayofuata mtoto mwingine ajaribu kuitoa rangi ya chumba cha nne kwa kusoma uwiano tu. Anza daima na rangi nyepesi, uongeze ile nzito kidogo kidogo. Anayeanza na bluu atamaliza chupa nzima ya njano akiikimbiza kijani anayoitaka.

Dhana: Modeli ikipendeza, imefundisha

Mipira ya sayari inayoning'inia kwenye waya inapendeza kweli, na inafundisha uongo: kwamba sayari zinakaribiana kwa ukubwa na zimepangana kama shanga. Fanya hesabu ya skeli kwanza. Dunia, yenye kipenyo cha kilomita 12,742, ikiwa sentimita 1, Mwezi unakuwa na milimita 2.7 na unakaa sentimita 30 mbali. Mshtarii (Jupita) unakuwa na kama sentimita 11. Jua linakuwa na kipenyo cha sentimita 109, na linakaa karibu mita 117 kutoka Duniani. Halitoshi darasani. Kwa hiyo kata Jua la karatasi, libandike mwisho wa uwanja, na watoto watembee wakihesabu hatua hadi mahali pa Dunia yao ya udongo. Kama ni lazima modeli ikae ndani ya chumba, chagua kimoja: ukubwa sahihi au umbali sahihi, na mtoto aandike kwenye kibao ni kipi kimekosewa kwa makusudi.

Modeli ya milima ina mtego wake. Njia nzuri ni kunakili mistari ya kontua (inayounganisha sehemu zenye urefu sawa kutoka usawa wa bahari) kutoka kwenye ramani, kila mstari kwenye kipande chake cha boksi, kukata na kupachika kimoja juu ya kingine. Tuseme ramani ni ya skeli ya 1:50,000 na kontua zimepishana mita 20. Mita 20 kwa skeli hiyo ni milimita 0.4 tu. Boksi lenye unene wa milimita 4 linaifanya milima iwe mirefu mara 10 kuliko ilivyo. Si kosa, ilimradi ijulikane. Ukiikuza ramani mara mbili kabla ya kunakili, skeli inakuwa 1:25,000 na ukuzaji wa urefu unashuka hadi mara 5. Mwachie mtoto wa darasa la sita aipige hesabu hiyo mwenyewe. Kila kipande kiwekewe namba na alama ya kaskazini kabla ya kukatwa; visipowekewa alama, vipande vinachanganyika na mlima unageuka fumbo.

Dhana: Viputo vya hewa ndivyo vinavyopasua udongo tanurini

Ni unyevu. Maji yaliyonaswa ndani ya udongo yakipita nyuzi 100 za Selsiasi yanageuka mvuke na kutanuka zaidi ya mara 1,600. Yasipopata njia, kazi inalipuka. Kiputo kina hatia pale tu kinapohifadhi unyevu. Ukuta usizidi unene wa sentimita 1, na sanamu nene itobolewe kutoka chini iwe na uwazi ndani. Funika kwa plastiki iliyolegea siku mbili za kwanza, kisha iache wazi hadi wiki ipite. Iguse kwa shavu lako: ikihisi baridi, maji bado yanavukiza, haijawa tayari. Mkono wa kikombe unaoanguka ulibandikwa bila kukwaruza pande zote mbili na kupaka uji wa udongo, au ulikuwa mbichi kuliko kikombe, hivyo ukasinyaa kwa kasi tofauti. Chora mstari wa sentimita 10 kwenye kipande kibichi na uupime kikikauka: kusinyaa kwa asilimia 5 hadi 8 ni kawaida, na tayari una somo la asilimia.

Dhana: Miradi hii inadai vifaa vingi na muda mwingi

Karatasi moja ya A4 na mkasi vinatosha kutengeneza kitabu cha kurasa 8. Kunja nusu mara tatu, fungua, uone vyumba 8. Kunja tena nusu kwa upana, kisha kata kutoka kwenye mkunjo hadi katikati tu, chumba kimoja. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane hadi tundu lifunguke na kurasa zijipange. Waambie watoto waandike namba za kurasa kitabu kikiwa kimefungwa, halafu wakifungue. Wataona kurasa nne zimepinduka. Asiyefanya hivyo huandika hadithi nzima na nusu yake inasomeka kichwa chini. Kwa somo la lugha, wachore kwanza tukio moja kila ukurasa, na chini yake waandike kitenzi kimoja tu. Sentensi zije mwisho. Mchoro ukitangulia, mtoto anakuwa na jambo la kusema kabla ya kuhangaika na tahajia.

Dakika 15 zinatosha kwa kromatografia, yaani kutenganisha rangi zilizochanganyika. Kata ukanda wa karatasi ya kuchujia wa sentimita 2 kwa 12, chora mstari wa wino mweusi sentimita 2 kutoka chini, usimamishe kwenye maji ya kina cha sentimita 1. Maji yanapanda na kuutenganisha mweusi kuwa rangi zilizomo. Alama ziandikwe kwa penseli, kwani haiyeyuki. Rangi zisipotengana, ama wino ni wa kudumu usioyeyuka kwa maji, ama mstari ulizama na wino ukaishia kwenye kikombe.

Dhana: Alama ziende kwa kazi iliyopendeza

Hapo atapata alama yule mwenye mkono mwepesi, hata kama hakuelewa pembe wala uwiano. Toa alama mbili zisizochanganywa: moja ya somo (je, vipande vimefunga bila pengo, uwiano umeandikwa sahihi, miguu sita iko kifuani?) na moja ya sanaa (je, amechagua rangi kwa sababu, ametumia nafasi, amerudia na kuboresha?). Vigezo viandikwe ubaoni kabla ya mkasi kuguswa, na visizidi viwili kwa kila upande. Kazi inapobandikwa ukutani, ibandikwe pamoja na karatasi ya hesabu au mchoro wa kwanza uliokosewa.