Saksafoni ya Umeme Inapulizwa, Haibonyezwi Tu

Hapa Kisumu mwezi hauishi kabla sijaletewa mpiga kinanda wa kanisa, vidole vyepesi, amejinunulia EWI au Aerophone, yaani saksafoni ya umeme, na kauli yake ni ileile: "Mwalimu, hii si kazi. Sauti imo ndani, mimi ni kubonyeza tu." Nimechoka kuisikia.

Sauti imo ndani, sawa. Lakini anayeitoa ni pumzi. Kuna kihisi kinachopima msukumo wa hewa wakati wote, na kwa lugha ya MIDI, ile ala za umeme hutumia kupashana habari, kipimo hicho huwa namba kati ya 0 na 127. Puliza taratibu, sauti inaanza chini, ongeza, inajaa, kata, inanyamaza. Noti ni yako kuibeba hadi mwisho wake. Sasa wenzangu hawa wakiona sauti haitoki haraka, wanaingia kwenye mipangilio na kukilegeza kihisi hadi pumzi ya kuzima kiberiti inafika 127. Sauti itatoka, ndiyo, lakini ukubwa wake ni mmoja kuanzia ubeti wa kwanza hadi amina. Halafu wanalaumu spika!

Rudisha kihisi katikati. Shika noti moja, ianzishe kwa sauti ndogo kabisa, ipandishe kwa hesabu ya nane, ishushe kwa nane, isiyumbe. Kisha noti hiyohiyo uikate kwa ulimi, tu-tu-tu, vidole vikiwa vimetulia. Nyimbo zitangoja, hata kama Jumamosi kuna harusi. Na ukihisi kifua kimejaa hewa iliyokosa pa kwenda, usishangae: ala hii hula hewa kidogo kuliko saksafoni. Iachie ipite pembeni mwa midomo, kisha uvute nyingine.

Wapiga saksafoni nao wasicheke. Wanakuja wakidai hawana la kufunzwa, kumbe vidude vya EWI havishuki ukivigusa, vinahisi ngozi. Kidole ulichozoea kukipumzisha juu ya kidude kinahesabiwa kuwa kimebonyeza, na noti ngeni inaruka katikati ya pambio. Okteva nazo, yaani ngazi za noti zilezile juu au chini, zinabadilishwa na gumba la kushoto kwenye vigurudumu vidogo nyuma ya ala. Gumba hilo lifunze peke yake kwanza.

Eti ni mchezo mpya wa vijana? Kampuni ya Akai ilitoa EWI yake 1987, kutokana na ubunifu wa Mmarekani Nyle Steiner, na mwaka huohuo Yamaha ikatoa WX7. Michael Brecker, gwiji wa saksafoni, aliipiga EWI jukwaani.

Kuhusu kufanyia mazoezi kwenye spika za masikioni za Bluetooth: hapana. Sauti huchelewa, nawe unaanza kupuliza mapema ili kuifidia. Tumia za waya.

Na anayesema haisafishwi kwa kuwa ni ya umeme, aichomoe sehemu ya mdomoni baada ya saa moja ya kupuliza. Pumzi ina unyevu. Futa, acha ikauke, ndipo uirudishe mkobani.