Kitabu kwanza nikisikie

Wasomaji huniuliza mambo mawili: nasoma vitabu vingapi kwa mwezi, na kipi nikipendacho kuliko vyote. La kwanza jibu lake huwavunja moyo. Nasoma viwili, mwezi ukiwa mzuri vitatu. La pili siwezi kulijibu mpaka nieleze ninavyosoma, maana vitabu nivipendavyo vilinipata kwa sikio kabla ya jicho, na wa kulaumiwa ni ami yangu.

Ami alifanya kazi bandarini hapa Tanga, enzi ambazo meli kubwa zilitia nanga mbali na shehena ikaletwa gatini kwa matishari. Tangu ujana ni mtu wa vitabu. Presha ya macho ilipomnyima kusoma, akaniambia bila kunibembeleza: "Mwanangu, wewe si unaandika habari za vitabu? Basi soma, nisikie." Tangu siku ile, baada ya sala ya alasiri mpaka magharibi inapokaribia, nakaa naye barazani kwetu Ngamiani, mimi mkekani, yeye kitini, na kitabu kati yetu. Kwa muda huo tunakwenda kurasa 20, labda 25. Nikizidisha hapo hunikatiza: "Hiyo umeikimbiza. Rudi."

Mwezi wa kwanza ulinitia aibu. Siku moja nilimsomea utenzi kutoka toleo la bei nafuu nililoliokota kwa muuza vitabu vya mitumba, vile wanavyovitandaza chini juu ya turubai. Nilikuwa nakwenda vizuri tu, nikijisikia. Ami akainua kidole.

"Rudia huo mstari."

Nikarudia.

"Pana kitu kimeanguka hapo."

Nikahesabu kwa vidole kama mtoto wa darasa la pili. Kweli, mizani saba, yaani silabi saba, badala ya nane. Kesho yake nikaenda maktaba kutafuta nakala ya zamani: katika toleo langu mpiga chapa alikuwa amelila neno "na". Mimi niliusoma ubeti ule zaidi ya mara moja kwa macho na sikuona pengo. Mzee asiyeona chochote ndiye aliyeliona.

Kwa wale waliosoma ushairi shuleni kwa ajili ya mtihani wakausahau siku ya pili, nieleze kidogo. Ubeti wa utenzi una mistari minne mifupi, kila mmoja mizani nane. Mistari mitatu ya kwanza inamalizikia kwa kina kimoja, na wa nne una kina chake ambacho hurudi kila ubeti tangu mwanzo hadi mwisho wa utenzi, hata ukiwa na beti mia sita. Huu hapa ubeti nilioubuni mwenyewe, si wa mtu yeyote:

Soma taratibu mwana
usikimbie maana
neno na neno hufana
sikio likitulia

Sasa katika mstari wa kwanza toa "mwana", tia "mtoto". Maana ni ile ile, na kwa macho hakuna kilichoharibika zaidi ya kina. Lakini usome kwa sauti: ile "m" ya "mtoto" inasimama peke yake na kuhesabiwa mizani, ilhali katika "mwana" imeungana na "wa". Mstari umekuwa wa mizani tisa, na msomaji anajikwaa kama aliyekosa kidato cha ngazi. Ami hahesabu. Anajikwaa, basi, na akijikwaa anakasirika.

Kuna sababu ya sikio kupewa kazi hii, na ninaipenda kuliko zote. Tenzi nyingi za pwani yetu ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, na hati zile hazikuwa na herufi za kutosha sauti zetu. Kwa desturi ya zamani, herufi moja, "be", iliweza kubeba b, p, au mb, na msomaji ajijue. Aliyesoma alilazimika kuujua wimbo wa ubeti ndipo ajue neno gani limeandikwa mbele yake. Tukiambiwa leo kwamba sauti ni pambo na maandishi ndiyo kitu chenyewe, mimi nawaza wale wazee: kwao bila sauti maandishi yenyewe yalikuwa hayasomeki.

Hivyo ndivyo ninavyomsoma Hemedi bin Abdallah el-Buhriy, mtu wa huku huku kwetu, na utenzi wake wa vita vya Wadachi kutamalaki Mrima, yaani Wajerumani kuitwaa pwani yetu. Aliutunga mwaka 1891, wakati habari zenyewe bado ni mbichi. Bushiri, aliyeongoza vita vya kuwapinga, alinyongwa Pangani Desemba 1889, na kutoka hapa hadi Pangani ni mwendo wa daladala tu. Ukiusoma kimya utaona orodha ya mapigano na majina. Ukiusoma kwa sauti mbele ya mtu anayeijua Pangani, kila jina la mahali linapata mtu wa kuitika. Tulichukua wiki tatu. Nusu ya muda huo ilikuwa ami akieleza nani alioa wapi.

Sasa Shaaban Robert. Najua mmemngoja, mtu wa Tanga akiandika juu ya vitabu bila kumtaja ataonekana amekosa adabu. Alizaliwa Vibambani, karibu na Machui, mwaka 1909, akafariki 1962, hakuishi zaidi ya miaka hamsini na kitu, na sisi ni majirani zake. Ujirani huo ulinifanya nimchukie. Shuleni tulipewa Kusadikika, tukaambiwa tuorodheshe dhamira, na mimi nikaorodhesha dhamira saba nikapata alama nzuri bila kujua kwamba kitabu kile kinachekesha.

Nilikirudia miaka mingi baadaye kwa amri ya ami. Kitabu kilitoka 1951, Mwingereza yupo bado, na nchi yenyewe inaelea angani: wajumbe wanapelekwa mashariki, magharibi, kaskazini, kusini, mbinguni na ardhini, wanarudi na mema ya huko, na malipo yao ni kifungo. Mshitakiwa anaitwa Karama. Anayemshitaki anaitwa Majivuno. Kwa macho, majina haya yaliniudhi. Niliona mwandishi ananitafunia chakula. Kwa sauti ni jambo jingine. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudi kuangalia nani ni nani, na jina lenye maana linamfanyia kazi hiyo kila likitajwa. Hata sentensi zake ndefu zilizopangwa mbili mbili, ambazo wengi siku hizi huziita nzito, zimekatwa mahali pa kuvuta pumzi. Jaribuni. Pumzi haiishi.

Sisemi kila kitu kimenyooka. Hotuba nyingine mle ni ndefu mno, na ami mwenyewe amewahi kulala katikati ya utetezi wa Karama. Nikimwamsha husema alikuwa anatafakari.

Ninachokipenda zaidi katika vya Shaaban Robert ni Adili na Nduguze, cha 1952, kitabu chembamba ambacho watu wazima hukiona cha watoto. Liwali mwema huwapiga manyani wawili kila usiku, kisha huwalilia. Mjumbe wa mfalme anachungulia. Sitasema manyani wale ni akina nani. Nilikisoma mara ya kwanza katika basi la kwenda Korogwe, nikakimaliza kabla ya kufika, nikakiweka. Barazani kilichukua siku tano, maana ami alinikataza kuvuka mahali pa kuchungulia mpaka kesho yake. Usiku ule nilijikuta nawaza viboko. Kitabu kilikuwa kile kile, hadithi naijua, na bado niliogopa. Mapumziko yale yalikuwa sehemu ya hadithi, na mimi basini niliyafuta yote.

Kwa hiyo siku hizi nasoma kwa madaraja. Kitabu kikinijia, kwanza nafungua katikati, nasoma ukurasa mmoja kwa sauti jikoni wakati maji ya chai yanachemka. Mwanzo wa kitabu husuguliwa na kila mtu, mwandishi na mhariri. Katikati ndipo kilipo peke yake. Kikipita hapo kinakwenda barazani. Kisipopita si kwamba ni kibaya. Kinaweza kuwa cha usiku, cha kusomwa ndani ya chandarua kwa tochi ya simu. Vitabu vya upelelezi vya kukimbizana kwa bastola vyote ni vya usiku, navipenda, na sina la kuongeza.

Isipokuwa vya mpelelezi Bwana Msa. Muhammed Said Abdulla alimleta na kiko chake katika Mzimu wa Watu wa Kale, 1960, na mazungumzo ya mle ni ya watu wanaosikilizana kwa kutegeana. Najum, mwenzake, anauliza, Bwana Msa anajibu jambo jingine kabisa, na jibu unalipata sura tatu mbele. Ami humjibu Bwana Msa kwa sauti. Mara nyingi hukosea, kisha huniambia kwamba mimi ndiye niliyesoma vibaya.

Na penseli. Sisomi bila penseli, na wino siutii kitabuni. Alama zangu ni tatu tu: mstari ubavuni pa sentensi niliyoipenda, duara kwenye neno nisilolijua, na msalaba mdogo mahali ami alipoingilia. Maneno yenye duara yanahamia kwenye daftari. Neno haliingii daftarini mpaka nimesikia mtu mzima akilitumia au akilikana. Hapo ndipo nilipomtumia sana Mtoro bin Mwinyi Bakari, yule wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa na Carl Velten mwaka 1903. Kitabu kile kina mambo ya ngoma, ndoa, mavazi, utani, kila kitu, kwa Kiswahili kisichojitafutia sifa. Msomeeni mzee wenu kurasa mbili za ndoa kisha mnyamaze. Daftari lenu litajaa.

Kitabu chenye misalaba mingi kuliko vyote rafuni kwangu ni Kuli cha Adam Shafi, cha 1979. Rashidi ni kuli wa bandari ya Unguja, na kitabu kinakwenda hadi mgomo wa 1948. Nilidhani nitakimaliza kwa wiki mbili. Kila meli ikiingia kitabuni, ami naye anaingia: robota la mkonge hubebwaje na watu wangapi, tishari likiyumba unasimamaje, msimamizi huitwa jina gani akiwa yupo na jina gani akishaondoka. Mwanzoni nilikuwa nangoja amalize nirudi kwenye kitabu. Siku hizi nakifunga kabisa, na kidole changu kinabaki ndani. Kwa ufundi, Vuta n'kuvute cha mwandishi huyo huyo, cha 1999, ni kazi iliyokomaa zaidi. Yasmini wa mle nitamkumbuka Rashidi nikishamsahau. Lakini Kuli ndicho nilichokisoma mara tatu.

Kuna mahali nadharia yangu inavunjika, na mahali penyewe ni Euphrase Kezilahabi, mwandishi wa riwaya na mashairi. Nagona, cha 1990, nilikipeleka barazani nikakirudisha ndani siku ya pili. Ni kitabu kifupi, lakini msikilizaji hapati pa kushika. Ni lazima jicho lirudi nyuma, lisimame, lirudi tena. Nilikisoma peke yangu mara mbili, na mara ya pili ndipo kiliponifungukia kidogo. Kuna vitabu vya jicho vilivyo vikubwa, basi, na huo ndio ukweli wenyewe.

Kisha Kichomi, mashairi yake ya 1974, yaliyozua ugomvi mkubwa kati ya waliosema bila vina na mizani si shairi na waliosema vina na mizani vimekuwa pingu. Nilijua ami yuko upande gani. Nikamsomea moja bila kumwambia ni nini. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza: "Hii barua kaandikiwa nani?" Nikamwambia ni shairi. Akacheka mpaka akakohoa. Kesho yake nimeketi na kitabu kingine, akasema: "Kwanza ile barua." Tumeisoma mara nne sasa. Bado anakataa kuiita shairi, nami nimeacha kubishana, kwa sababu anaijua kwa kichwa karibu yote na hanikosoi mizani.

Barazani hivi sasa tuna Peponi, tafsiri ya Ida Hadjivayanis ya riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Kwa Kiingereza niliisoma zamani na nikaipenda kwa mbali kidogo. Kwa Kiswahili safari ya bara inasikika kama inasimuliwa na mtu aliyeketi mlango wa pili. Nina ugomvi mdogo na maneno mawili matatu, nitayaandika nikimaliza. Tumefika nusu. Ami anamshuku yule tajiri tangu ukurasa wa kwanza, na jana amenitaka nirudie mahali mtoto anapopanda treni, kwa sababu, anasema, nilipasoma huku nikitazama simu.