Kisima Kinanuka Petroli: Maswali na Majibu

Maji ya kisima chetu yameanza kunuka petroli. Tuyachemshe?

Hapana. Kuchemsha kunaua vijidudu, na petroli si kijidudu. Mvuke wake utajaa jikoni, mtauvuta, na penye moto ni hatari zaidi. Dawa ya maji ya klorini nayo haiitoi. Acheni kuyanywa, kuyapikia na hata kuyaogea mpaka yapimwe.

Sheli iko ng'ambo ya barabara. Mafuta yamefikaje kwetu?

Matangi ya sheli huzikwa ardhini. La chuma likiliwa na kutu, au maungio ya bomba liendalo kwenye pampu yakilegea, mafuta hutoka kidogo kidogo bila mtu kuona. Hushuka udongoni hadi kwenye maji ya chini. Petroli ni nyepesi, hivyo huelea, lakini sehemu yake huyeyuka na kufuata mkondo. Ndiyo maana kisima kilicho jirani na sheli kinaweza kusalimika, cha mbali kikaharibika.

Harufu ikipotea, tumepona?

La. Ndani ya petroli mna kemikali iitwayo benzini, na Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi mikrogramu 10 katika lita moja ya maji ya kunywa. Hata ikizidi hapo mara nyingi, pua na ulimi haviioni.

Inadhuru vipi?

Kwanza kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, ngozi kuwasha. Ukiishi nayo muda mrefu, benzini huathiri uboho, yaani kiwanda cha damu ndani ya mifupa, na inasababisha saratani ya damu.

Mfano wa karibuni uko Hawaii, Marekani. Ghala la Red Hill la jeshi la majini lina matangi 20 ya chini ya ardhi, ya enzi za Vita Kuu ya Pili, yaliyo kama mita 30 tu juu ya maji ya chini. Novemba 2021 mafuta ya ndege yalivuja hapo yakaingia kwenye kisima cha maji ya kunywa. Familia zililalamika harufu bombani, kutapika na vipele. Na tundu halikuwa kwenye tangi: mafuta yalitoka kwenye bomba. Machi 2022 ikatangazwa kuwa ghala litafungwa.

Wachunguzi hufanya nini hasa?

Wanaanza na daftari: mafuta yaliyoshushwa, yaliyouzwa, na yaliyobaki kwa fimbo ya kupimia. Upungufu usioisha ni dalili. Kisha tangi na mabomba hupimwa kama yanashikilia shinikizo.

Halafu wanatoboa ardhi. Udongo wa kila kina hutiwa kidogo kwenye mfuko wa plastiki, unafungwa, unaachwa dakika chache, kisha mdomo wa kipima mvuke unachomekwa ndani. Namba ikipanda, hapo ndipo pa kuchukua sampuli ya maabara.

Kama unataka kujua wanaijua kazi, tazama sampuli hiyo inavyoshikwa. Ijae kwenye chupa mpaka mdomoni, kifuniko kikazwe mara moja, iingie kwenye boksi la barafu. Ikikaa juani, benzini inaruka, na majibu yatasema udongo ni safi.

Mwisho huchimbwa visima vya uchunguzi, visivyopungua vitatu, ili kulinganisha kina cha maji na kujua yanaelekea wapi. Sheli ikiwa ya zamani, ombeni na kipimo cha madini ya risasi, kwa kuwa petroli yenye risasi iliuzwa kwetu hadi miaka ya mwanzo ya 2000.

Tumwambie nani?

Tanzania ni EWURA (mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji) na NEMC (baraza la mazingira). Kenya ni EPRA (mamlaka ya nishati na mafuta) na NEMA (mamlaka ya mazingira). Pelekeni barua, si maneno matupu: harufu ilianza lini, visima vipi, na kama huzidi baada ya mvua. Huku mkisubiri, funikeni kisima, msishushe kibatari kuchungulia, wala msimruhusu fundi kuingia kukisafisha. Mvuke ule unaweza kumlegeza kabla hajapiga kelele.